Sufuria Nyeusi Haina Kosa



Wiki hii naanza kwa kuungama. Tulinunua nyumbani sufuria mpya ya alumini, inang'aa kama kioo. Binti anayetusaidia kazi akachemshia maji ya kunywa. Jioni, ndani kumekuwa kweusi. Nikamgombeza kwamba ameharibu mali, na mwisho wa mwezi nikamkata mshahara. Baadaye nilipowauliza wanaojua mambo ya metali, niliona haya.

Alumini, ndugu msikilizaji, ina pupa ya oksijeni. Ukiikwangua, papo hapo hushikana na oksijeni ya hewani na kujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ngao yake. Kutu ya chuma humeguka na kuacha chuma kikiendelea kuliwa. Utando wa alumini hung'ang'ania na kuziba.

Maji ya moto huongeza ngao hiyo. Yakipita nyuzi 80 hivi, alumini huchukua oksijeni ya maji, gesi ya haidrojeni hutoka, na utando hunenepa mara nyingi kuliko ule wa hewani. Wataalamu huuita boemaiti. Weusi ule hutokana na utando huo pamoja na chumvichumvi za maji yenyewe. Si uchafu, wala si sumu.

Tazama fremu za madirisha ya alumini mjini. Viwandani huongezewa utando kwa umeme, kisha nyingi huchovywa katika maji yanayokaribia kuchemka ili vitundu vya utando vizibe. Kazi inayolipiwa kiwandani, yule binti aliifanya jikoni kwangu bure, nami nikamtoza!

Na sisi twafanyaje? Twasugua kwa mchanga, majivu na waya wa chuma mpaka sufuria imetakata. Kila siku twaivua nguo, nayo hulazimika kujifumia nyingine kwa mwili wake yenyewe. Ndiyo maana hukonda hadi ikatoboka. Vitu vikali navyo huula utando: ukwaju, ndimu, nyanya, hata magadi ya kulainishia maharage. Usivilaze humo usiku kucha.

Ukinunua sufuria mpya, ioshe, ichemshie maji nusu saa, uyamwage. Tangu hapo tumia sabuni na dodoki. Weusi uache.

Lakini tusidanganyane. Sufuria za kusubu, zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganywa ovyo, zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali za Afrika zikakutwa na risasi. Kuchemsha maji hakuiondoi. Hapo muulize muuzaji imetengenezwa kwa nini, na akibabaika, mwachie sufuria yake.

Yule binti nimemrudishia fedha zake na kumwomba radhi. Alicheka, akasema bibi yake kule kijijini hakuwahi kuikwangua sufuria kwa ndani. Tulisoma darasani, tukasahau kuuliza jikoni.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.