RANGI YA MOTOKAA INAYOBANDUKA, NA KIFUA CHA FUNDI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya rangi ya motokaa, kwa kuwa wengi wetu wamenunua motokaa zilizokwisha tumika Japani, na baada ya miaka michache paa na boneti huanza kutoa magamba meupe. Tena wako ndugu kati yetu wanaopuliza rangi siku ya Jumamosi ili kuongeza mshahara. Hao hasa ndio nataka wanisikilize.

Kwanza mjue ya kuwa rangi ya motokaa si moja. Juu ya bati kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Klia ndiyo ngao, nayo haishindi unywele kwa unene. Adui yake ni jua, ndiyo maana paa na boneti huharibika kabla ya milango.

Ukiona mkwaruzo, pitisha ukucha. Ukucha usiponasa, na ukimwagia maji mkwaruzo usionekane, basi uko katika klia tu. Sugua kwa kompaundi na kitambaa laini, utakwisha. Lakini ukiona praima au bati, kompaundi haifai kitu. Ondoa kutu, tia praima, kisha rangi, kisha klia. Usikawie, hasa ninyi wa Mombasa penye hewa ya chumvi, maana kutu hutambaa chini ya rangi na kuiinua.

Klia iliyoanza kubanduka ni shauri jingine. Mtu ye yote asikudanganye kwamba polishi itairudisha. Wako wauzaji wanaopaka mafuta ya kung'aza, gari likauzwa asubuhi, na likioshwa mara mbili tatu magamba yako pale pale. Kazi ya haki ni hii: osha kwa sabuni, futa nta na mafuta yote kwa dawa yake, halafu sugua kwa msasa wa maji namba 600 au 800 mpaka kila ukingo uliolegea umekwisha, na kidole kikipita kisisikie ngazi. Hapa ndipo wengi huchoka mapema! Rangi ya chini ikiwa imepauka, ipulize upya. Kisha piga klia boneti nzima, toka ukingo hata ukingo, mara mbili au tatu, ukingoje kila mara kama mkebe unavyoagiza. Ukitia kiraka katikati, ukingo wa kiraka ndio utakaobanduka tena. Wala usipulize juani. Itakauka kabla ya kutandaa.

Sasa neno zito. Klia ya mkebe mdogo wa kubonyeza hukauka yenyewe, lakini nyingi hazidumu, na petroli huzilainisha. Inayodumu ni ile ya kuchanganywa na dawa ya kugandisha, na ndani ya dawa hiyo mna kemikali iitwayo isosayaneti. Ukungu wake huweza kumpa mtu pumu, na harufu haitakuonya. Mwili ukiisha kuikataa, hata kidogo sana humkaba mtu, na wengi wa namna hiyo hulazimika kuacha kazi ya rangi kabisa. Kitambaa puani si kitu. Barakoa ya vumbi si kitu. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mahali pengine, wala usiivue mara bunduki inaponyamaza, kwa sababu ukungu ungali hewani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa mfanyi kazi anayeshika vitu vyenye madhara. Hizo si fadhili zake. Lakini ndugu wa Jumamosi hana mwajiri wa kumdai, na watoto wake wanacheza ua ule ule. Shauri langu kwake ni afanye kazi ya msasa na kompaundi, ambayo ndiyo yenye saa nyingi, na klia ya mwisho aipeleke kwenye gereji yenye chumba cha kupulizia na hewa ya mpira. Faida itapungua, najua.

Nimeleta misasa ya namba mbalimbali na mlango mmoja mkuukuu. Anayetaka kujaribu mkono wake aje hapa mbele.