Unga wa Mboga za Majani: Tuupime kwa Sufuria, Si kwa Kijiko cha Chai

Dodoma na Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua. Majani ya mlenda na ya kunde yanayochumwa msimu huo huanikwa, hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa, na unga wake ndio mboga ya kiangazi mpaka mvua nyingine zianze. Walioanzisha desturi hii hawakuuita kirutubisho, waliuita mboga. Leo unga wa namna hiyohiyo, hasa wa mlonge, unauzwa kwenye vikopo pamoja na orodha ya magonjwa unayodaiwa kutibu, na mnunuzi huelekezwa kulamba kijiko kimoja cha chai kila asubuhi. Hoja ya mada hii ni kwamba kilishe, wenye kinu wako sahihi kuliko wenye vikopo: faida ya unga huu ni ya kweli, lakini hupatikana unapoliwa kama mboga.

Tuanze na hesabu. Zaidi ya robo tatu ya jani bichi la mlonge ni maji. Yakiondoka, kinachobaki hujikusanya, hata gramu 100 za unga zikawa na protini gramu 25 hivi na kalsiamu inayokaribia miligramu 2,000. Hapo ndipo linapozaliwa tangazo la kwamba mlonge unayashinda maziwa mara nyingi. Ulinganisho huo una ujanja ndani yake, maana hakuna anayekula gramu 100 za unga kama anavyokunywa maziwa. Kijiko cha chai hubeba gramu 3 hivi, yaani kalsiamu miligramu 60, ilhali mtu mzima huhitaji 1,000 hivi kwa siku na glasi moja ya maziwa humpa karibu 300. Lakini gramu 20, vijiko vitatu vya chakula hivi, zikiingia kwenye mboga ya mlaji mmoja, zinaleta kalsiamu miligramu 400 na protini gramu 5, ingawa si yote mwili utakayoifyonza.

Ukaushaji nao una gharama yake. Vitamini C hupotea kwa sehemu kubwa. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huharibiwa na jua kali. Ndiyo maana majani yaliyokaushwa kivulini penye hewa hutoa unga wa kijani, na yaliyoachwa juani siku nzima hutoa unga wa rangi ya majani ya chai. Mnunuzi asiye na maabara aiamini rangi. Karotini pia huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na hapo karanga zilizotwangwa zinazotiwa kwenye mlenda hufanya kazi ambayo glasi ya maji haiwezi kuifanya.

Wapo watakaosema mboga mbichi ni bora. Ni kweli, pale zinapopatikana. Mwezi Oktoba kule Bahi au Manyoni, kaya nyingi huchagua kati ya unga na ugali mtupu. Pingamizi zito zaidi linahusu damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na inavutia kuwaambia dawa iko kinuni. Ila madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa na mlo huzidisha shida hiyo. Limau au ndimu husaidia. Mjamzito asiache vidonge vyake vya kliniki kwa sababu ya unga.

Kuhusu kisukari na presha, tafiti zilizopo nyingi ni ndogo na za muda mfupi. Hazimruhusu mgonjwa kuacha dawa. Anayetumia warfarin, inayozuia damu kuganda, amwone daktari kwanza, kwa kuwa majani haya yana vitamini K kwa wingi. Mwenye figo dhaifu naye ajihadhari na potasiamu. (Majani yaliyoanikwa kando ya barabara ya vumbi, au kufungashwa kabla hayajakauka sawasawa, hayamfai mtu yeyote.)

Kwa wasindikaji mliomo humu ukumbini, ombi ni moja: futeni orodha ya magonjwa kwenye lebo, na mahali pake mwandike vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kila mlaji, vitiwe sufuriani pamoja na karanga au mafuta, dakika chache kabla ya kuepua.