Kasa Aliyelegea, Usimrudishe Majini

Wewe mvuvi wa Msambweni, Watamu hadi Lamu, hili linakuhusu.

Umevuta jarife alfajiri. Ndani yake kuna kasa. Amelegea, hafumbui macho. Usimtupe baharini ukidhani amekufa. Kasa hupumua hewa kwa mapafu, kama wewe. Wavu ukimzuia kupanda juu, hukosa pumzi, akazimia. Ukimrudisha majini hali hiyo, atakufa kweli.

Narudia: kasa aliyelegea, usimrudishe majini.

Mlaze kwa tumbo. Inua sehemu yake ya nyuma kama shubiri moja, iegemeze juu ya gunia, maji yapate kutoka mapafuni. Mweke kivulini. Mfunike gamba kwa kitambaa kilicholowa, lakini pua iache wazi. Usimburute kwa mapezi, mshike gamba. Kisha subiri. Wengine huzinduka baada ya saa chache, wengine hadi kesho yake. Subira hiyo ndiyo kazi kubwa, na wavuvi wetu wanaiweza.

Wakati huo piga simu kwa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo wako, au ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, iliyo karibu. Watamu kuna kituo cha Local Ocean Conservation kinachotibu kasa. Hupokea walionaswa, waliomeza ndoano, hata waliokula plastiki matumbo yakajaa gesi, wakashindwa kupiga mbizi. Wakipona, hurudishwa baharini.

Akizinduka na kutambaa kwa nguvu, zima injini, umteremshe taratibu, mbali na nyavu. Akiwa bado amelegea, usimrudishe majini.