Majani ya Baharini Hayapandwi Mbele ya Kokoro

Maji yanapokupwa katika pwani ya Tanzania, kuanzia Tanga hadi Mtwara na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, hutokea mbuga za kijani ambazo wapitaji wengi huzikanyaga bila kuzitazama. Wengi huyaita majani hayo mwani, jina lile lile la zao linalokaushwa na kuuzwa nchi za nje, ingawa hivyo ni vitu viwili. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Majani haya yana mizizi, yana shina litambaalo chini ya mchanga, huchanua na kutoa mbegu, yote hayo ndani ya maji ya chumvi. Mvuvi wa madema hana haja ya kufundishwa thamani yake, kwani yeye hutega humo akijua kuwa ndimo alishapo tasi na ndimo wanamojificha changu wachanga. Nguva, ambaye katika Tanzania amebaki kwa uchache sana, hasa katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, huishi kwa kuyala.

Siku hizi husikika habari za kuyapanda upya pale yalipotoweka. Nia hiyo ni njema. Lakini liko swali ambalo hapana budi liulizwe kabla mtu hajaingia majini na miche mkononi: yalitoweka kwa sababu gani?

Huko Virginia, Marekani, majani ya namna hiyo yalishambuliwa na ugonjwa mapema katika miaka ya 1930, kisha kimbunga cha Agosti 1933 kikamaliza yaliyosalia katika ghuba za pwani ya bahari kuu. Chaza waliokuwa wakivuliwa humo wakatoweka, na uvuvi wao ukafa. Zaidi ya miaka 60 ikapita sakafu ikiwa tupu. Kuanzia 1999, wataalamu na watu wa kujitolea walikusanya mbegu kwa mikono kila mwaka na kuzimwaga katika ghuba hizo, jumla yake zaidi ya milioni 70. Ilipofika 2020, eneo lililopandwa, ambalo lilikuwa kama hekta 200 tu, lilikuwa limejieneza lenyewe na kupita hekta 3,600. Hakika ni kazi kubwa. Hata hivyo, maji yale yalikuwa bado safi, na yaliyoua majani yalikwisha kupita. Kilichokosekana kilikuwa mbegu.

Katika ghuba ya Tampa, jimboni Florida, mambo yalikuwa kinyume. Mbegu zilikuwapo, ila maji yalichafuliwa na maji taka ya miji hata mwanga wa jua usifike chini. Mwaka 1979 mji wa Tampa ulianza kuyasafisha maji taka yake kwa kiwango cha juu, na juhudi nyingine zikafuata. Majani yakarudi, sehemu kubwa yakirudi yenyewe, na kufikia 2016 yalikuwa yamepita hekta 16,000, karibu mara mbili ya yale ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya hapo yakapungua tena, maana bahari haimpi mtu hati ya kudumu.

Je, pwani ya Tanzania inafanana na ipi? Mahali pengi haifanani na Virginia. Aghalabu kinachoyang'oa majani hakijapita. Kokoro hukokotwa juu ya sakafu, likizoa majani na vifaranga vya samaki pamoja, na hurudi kesho yake pale pale. Sheria za uvuvi za Tanzania Bara zinalikataza. Lakini anayekamatwa mara nyingi ni kijana mvutaji ambaye hana chombo wala wavu; mwenye kokoro yuko nchi kavu akingoja fungu lake. Kupanda miche mahali kama hapo ni kumlimia mwenye kokoro shamba.

Liko na suala gumu zaidi, nalo ni la akina mama wa mwani. Tangu kilimo hicho kilipoanza Zanzibar kibiashara mwaka 1989, wanawake wengi wamepata fedha walizokuwa hawazipati, na mambo zao husimikwa katika maji mafupi yale yale yenye majani. Majani hukatwa, hukanyagwa au hukosa jua. Anayetaka mama huyo asogee hana budi kusema pia asogee wapi. Kamba zinazoelea katika maji marefu zinawezekana, lakini zahitaji chombo na mtu ajuaye kuogelea, na mwenye fedha za chombo si yeye. Mpango usio na jibu la hilo ungefaa urudishwe kwa waliouandika.

Kwa hiyo, penye kokoro, kazi ianze kwa wenye nyavu hizo, na wavutaji wapatiwe nyavu halali. Penye mwani, mipaka ipangwe na wanawake wenyewe wakiwa kikaoni. Kisha kipandwe kipande kidogo, mahali pasipo na mawimbi makali, kiangaliwe kupita kusi na kaskazi. Yakishika mizizi, kiongezwe cha pili.