Chakula cha Mchana na Haki ya Mwili

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba, akaturuzuku na akatuhalalishia vilivyo vizuri. Tunashuhudia ya kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na ya kwamba Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia sisi wenyewe pamoja nanyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, lisilostahili kupandishwa juu ya mimbari. Jambo hilo ni chakula cha mchana cha mtu aliye kazini. Dini yetu haikuliona dogo. Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 62, tunasimuliwa habari ya Nabii Musa (A.S.) alipokuwa katika safari ndefu ya kuitafuta elimu. Uchovu ulipomzidi, alimtaka kijana wake alete chakula chao cha mchana, na akautaja uchovu huo waziwazi. Basi na tuzingatie mambo mawili. La kwanza, Nabii wa Mwenyezi Mungu hakuona aibu kuisimamisha kazi tukufu ili mwili upate haki yake. La pili, masurufu walikuwa wameyachukua tangu mwanzo wa safari. Hawakuingoja njaa iwakute njiani mikono mitupu.

Je, hali yetu ikoje? Karani hutoka nyumbani alfajiri kwa chai ya rangi na andazi. Ifikapo adhuhuri hukimbilia chipsi na soda, akala huku amesimama, jicho moja likiwa kwenye saa. Mchukuzi wa mizigo na dereva wa daladala hushinda na njaa mpaka usiku, ndipo wale sinia zima na kulala. Mwenye duka huona kila mteja ni riziki ipitayo, basi hujinyima kutwa nzima. Huyu wa mwisho pengine hujisifu kuwa ni mchapa kazi. Lakini kushinda na njaa kwa pupa ya kazi si saumu. Mwenye kufunga ana nia yake, ana daku yake na ana futari yake. Salman (R.A.) alimkumbusha nduguye Abu Dardaa kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari hiyo ilipofika kwa Mtume (S.A.W.), alimsadikisha Salman.

Wala tusidhani kuwa dawa ya njaa ni kushiba kupita kiasi. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwanadamu humtosha matonge machache ya kumnyoosha mgongo; na akiwa hana budi kuzidisha, basi theluthi moja iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Aliyejaza tumbo saa saba mchana huijua maana ya maneno hayo saa nane, kichwa kinapomwinamia mezani.

Wataalamu wa afya nao wanatuonya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, na ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400. Sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata katika chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku. Lakini chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, zaidi ya vijiko vinane vya chai! Anayeinywa kila mchana amekwisha kula sehemu kubwa ya kiasi chake cha siku nzima, kabla ya chai ya jioni. Kisukari na shinikizo la damu haviingii nyumbani kwa siku moja. Mazoea ya namna hii huvifungulia mlango kidogo kidogo.

Huenda msikilizaji akasema: chakula bora ni cha matajiri. Hasha! Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Sahl bin Saad (R.A.) habari ya bibi mmoja wa Madina aliyepanda shambani mwake mboga iitwayo silq, ambayo ni jamaa ya mchicha wetu. Kila Ijumaa aling'oa mizizi yake, akaitia chunguni pamoja na konzi ya shayiri aliyoisaga. Masahaba walipomaliza sala walipita kwake, wakamsalimu, naye akawaandalia. Hapakuwa na nyama wala samli, nao waliisubiri Ijumaa kwa furaha kwa ajili ya chakula kile.

Basi kipimo chetu na kiwe hicho. Ugali wa dona, maharage au choroko au dagaa, fungu la mchicha au tembele, na chungwa moja: hicho ni chakula kamili. Chungwa huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Kwa hiyo chai na ingoje, maji yatangulie. Mwenye kuchukua chakula kutoka nyumbani akumbuke kuwa wali na mchuzi haufai kukaa katika joto zaidi ya saa mbili. Pasipo jokofu, achukue viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, karanga, au mayai yaliyochemshwa asubuhi ile, naye asiyaweke muda mrefu. Na mwenye kununua achague pale panapopikwa papo hapo na kufunikwa. Watu wa Pangoni walipomtuma mwenzao mjini na fedha, walimwagiza atazame chakula kilicho safi zaidi.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Ndugu Waislamu, yako mengine yasiyo mikononi mwa mfanyakazi. Enyi mlio na watu chini yenu, saa ya chakula ni amana. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60 mfanyakazi afanyaye kazi mfululizo zaidi ya saa tano. Na kabla ya sheria hiyo, Mtume (S.A.W.) alikwisha tuamuru kwamba mtumishi aliyetuandalia chakula tukae naye, au angalau tumpe tonge, kwa kuwa ndiye aliyevumilia joto lake. Basi mtumishi wa nyumbani na asile makombo saa kumi, hali yeye ndiye aliyepika saa tano.

Mama lishe naye ana haki yake. Yuko mtu aliye wa kwanza kwenye safu ya sala, na jina lake ni la kwanza kwenye daftari la madeni ya wali. Chakula alichokidhulumu hakimfai, hata kikiwa na mboga za kila rangi. Na mwenzetu akiketi kando saa ya chakula akijifanya ameshiba, tumkaribishe kwa staha. Tumefundishwa kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali iliyo njema, utukinge na israfu na njaa, utupe afya ya kukuabudu na kuwatumikia jamaa zetu, na utulainishie nyoyo za wenye mamlaka juu ya watu. Amin.

Wabillahi taufiq.