Hotuba ya Kikundi cha Wapondaji Kokoto, Siku ya Wakimbizi Duniani



Sisi ndio wale mnaotuona kando ya barabara tumekalia magunia, nyundo mkononi. Leo 20 Juni tumepewa nafasi, na hatukuja kuimba. Tumekuja kusema juu ya vumbi.

Lile jiwe jeupe linalong'aa lina silika nyingi. Ukilipiga, vumbi unaloliona lingi hunaswa puani na kooni. Baya ni lile usiloliona: linafika ndani kabisa ya mapafu na kubaki huko. Mapafu huota makovu, yakakakamaa. Ugonjwa huo ni silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na hata ukiacha kazi unaweza kuendelea.

Huko West Virginia, Marekani, mwaka 1930 na 1931, watu walichimba handaki la Hawks Nest katika mwamba wa namna hiyo, wakitoboa pakavu. Wengi walikuwa watu weusi waliotoka mbali kutafuta kazi, wageni kama sisi. Walikufa mamia.

Hapa kwetu, mama mmoja wa kikundi alimeza dawa za kifua kikuu mpaka akamaliza, lakini pumzi haikurudi. Silika huifungulia mlango TB. Kwa hiyo ukienda zahanati usiseme tu unakohoa. Sema unaponda mawe, na tangu mwaka gani. Mnunuzi wetu hajawahi kutupa hata barakoa, na kitenge tunachojifunga mdomoni, tusidanganyane, hakizuii vumbi hili.

Kinachosaidia ni maji. Jiwe likiloweshwa kabla ya nyundo, na tena wakati wa kuponda, vumbi hupungua sana. Tumesikia mnavyonong'ona: ya kunywa hayatoshi, hawa wanataka kuyamwagia mawe! Hatuombi ya bomba. Tunaomba yale mliyofulia, kila nyumba iliyo karibu na barabara itutunzie dumu moja. Sisi tutakaa upepo ukiwa mgongoni, na nguo za kazi hatutazikung'uta ndani ya nyumba.

La pili ni banda la watoto, mbali na mawe, upande upepo unakotoka. Wachanga wetu wanavuta vumbi hilihili wakiwa mgongoni, na hatuna pa kuwaacha. Miti tutakata wenyewe; Kamati itupatie turubai.

Madumu matupu tumeyapanga pale nyuma ya jukwaa.