Hesabu na Uhai



Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijaa Kagunga, ng'ambo ya mpaka. Maji safi yakawa haba, kipindupindu kikazuka. Kufikia tarehe 22, Kagunga na Kigoma, wagonjwa walihesabiwa wapatao 3,000, na watu 31 walikuwa wamefariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tabibu humtibu aliyemfikia. Lakini ni nani atakayejua ugonjwa utatokea mwalo upi kesho? Ni yule akusanyaye daftari za zahanati zote, akapanga siku, vijiji na visima, akaiona njia ya maradhi. Mwaka 1854, mjini London, John Snow alitia vifo katika ramani, navyo vikaonekana vimezunguka kisima kimoja cha pampu. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, na elimu yake huitwa sayansi ya data.

Aghalabu husomwa kwa shahada ya pili, baada ya kuhitimu uganga, takwimu au hisabati. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo chake, Kigali. Wala si elimu ngeni kwa Waislamu: neno algorithi, yaani kanuni ya kukokotoa, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Basi mzazi asimwachishe mwanawe, wa kiume wala wa kike, somo la hesabu. Mwalo wenye mhesabuji wake hauviziwi na maradhi.

Wabillahi tawfiq.